Mama Clotilde Alivyosoma Tanbihi

Huko Kikula, mtaa wa mji wa Likasi nchini Kongo, upande wa soko wanakojipanga wauza unga, wengi wanamfahamu Mama Clotilde kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Humwita Mama Efa. Siku hizi huitika, na pengine hata hutabasamu. Lakini ulipita msimu mzima wa mvua ambao jina hilo likitajwa nyuma yake, hata kwa utani mwema, shingo ilimwaka moto, na mkono uliokuwa ukichota unga ukasahau ulikuwa umejaza bakuli ngapi.

Alizaliwa Likasi, baba yake akiwa fundi wa reli. Shule aliiacha angali mdogo ili awalee wadogo zake, akaolewa na Nicolas, mfanyakazi wa kiwanda, mtu mpole aliyerudi nyumbani kila jioni na harufu ya asidi kwenye nguo. Kiwanda kilipoanza kuyumba, Nicolas naye aliletewa barua. Ilikuwa ya Kifaransa. Nyumbani hapakuwa na wa kuisoma, wakamwita jirani. Jirani akaisoma yote kwa upole, kisha akarudi kwenye neno moja, akaliwekea kidole: renvoi. Maana yake, kazi imekwisha, usirudi. Nicolas aliinamisha kichwa. Baadaye alikwenda kuchimba madini Shinkolobwe, kwenye mgodi uliofungwa, kwa kujificha, kama walivyofanya wengine, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kilipomtia kaburini. Clotilde akabaki na binti yake Sylvie, meza ya kuuzia unga, na neno moja la Kifaransa ambalo hakutaka kulisikia tena.

Kusoma alijifunza akiwa mjane tayari, mwenye mvi. Parokia ilifungua darasa la watu wazima, na mwalimu alikuwa Papa Philippe, mstaafu wa asili ya Kasai, aliyekuwa karani wa ofisi maisha yake yote. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni hata siku ya kufagia uwanja. Kwa kuwa alikuwa pia msimamizi wa wasomaji wa misa, yeye ndiye aliyemwambia Clotilde, siku aliposoma ukurasa mzima bila kusita, kwamba sauti yake ni ya kusomea mbele za watu. Clotilde alikwenda nyumbani akiyarudia maneno hayo kimoyomoyo njia nzima.

Basi ilifika sikukuu ya akina mama wa parokia. Akina mama walichagua wenyewe somo la misa yao: habari ya yule mjane mgeni aliyeokota masuke ya shayiri nyuma ya wavunaji ili amlishe mama mkwe wake. Mama Alphonsine, mwenyekiti wao, akasema somo la mjane lisomwe na mjane. Wote wakageuka kumtazama Clotilde. Alikataa mara moja, kwa adabu tu, kisha akakubali.

Nyumbani alijizoeza kwenye kitabu chake kidogo, chenye maneno matupu. Alhamisi kabla ya sikukuu, Papa Philippe akamwita kanisani amwonyeshe kitabu kikubwa cha altare, kile chenye jalada jeusi. Kitabu hicho kilikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila ukurasa. Watu wa vitabu huyaita tanbihi. Papa Philippe, aliyezoea lugha ya ofisini, aliyaita kwa Kifaransa.

"Angalia, Mama Clotilde," alisema akionyesha kwa ncha ya kalamu. "Hizi herufi kidogo-kidogo, a, b, c, zenye ziko juu ya maneno, njo renvoi. Inakutuma huku chini, kwenye maelezo. Ya chini hatusomaka kwa sauti. Unaelewa?"

Clotilde alisikia "renvoi", na baada ya hapo hakusikia kitu kingine. Midomo ya Papa Philippe iliendelea kucheza, lakini yeye alikuwa amerudi sebuleni kwake, anamwona jirani ameweka kidole kwenye barua na Nicolas ameinamisha kichwa. Alipozinduka, mwalimu alikuwa anamtazama, anangoja jibu. Aliona haya kumwambia arudie. Angemwona mzito wa kichwa, mzee huyu aliyemsifu mbele za wenzake. Akaitikia kwa kichwa.

"Niko naelewa, Papa Philippe."

"Vizuri. Na usikimbie. Soma pole-pole, usiruke kintu."

Hilo la mwisho alilisikia sawasawa.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa. Akina mama walivaa kitenge kimoja, cha rangi ya machungwa. Sylvie, aliyekuwa akimaliza masomo yake ya biashara, alikaa karibu na mbele, pamoja na wazazi wa kijana aliyetaka kumposa. Walikuwa wamealikwa makusudi. Clotilde akapanda altareni, akainama, akafungua penye utepe.

Alianza vizuri. Sauti ilimtoka nene na tulivu, na kanisa likanyamaza. Yule mjane akaingia shambani, akaokota, akapura alichookota, akapata kama efa moja ya shayiri. Hapo ukurasa ukaisha, sentensi ikiwa bado katikati. Chini ya mstari mwembamba kulikuwa na herufi ndogo. Hazikuwemo katika kitabu chake cha nyumbani. Clotilde akakumbuka: usiruke kintu. Akainamisha macho, akaendelea kwa sauti ile ile tulivu:

"Be. Efa: kipimo cha nafaka. Kiasi chake hakijulikani kwa hakika. Taz, tatu, kumi na tano."

Watu walitazamana. Kwa Clotilde maneno yale yalikuwa na maana kabisa. Yeye ni mwuza unga, kutwa anapima, na aliona ni jambo la kawaida kitabu kitakatifu kisimame kidogo kieleze kipimo. Akateremka mstari wa pili.

"Che. Maneno haya hayamo katika nakala nyingine za kale."

Akafungua ukurasa unaofuata ili aimalizie sentensi iliyokatika, lakini hakuweza, maana kicheko kilikuwa kimeanza. Kilianzia kwa vijana wa kwaya, kikafunikwa kwa viganja, kikatoroka kwenye viganja, kikaenda mpaka mlangoni. Hata akina mama wa kitenge cha machungwa mabega yaliwatikisika. Alipotupa jicho kwa abbé, padri wao, alimwona amekaza midomo na kutazama sakafu. Hakujua amekosa nini. Alijua tu kwamba amekosa, na kwamba kila mtu mle ndani anajua kosa lenyewe isipokuwa yeye. Akasoma yaliyobaki kwa haraka, akisita-sita kama mtoto, akasema "Neno la Bwana", nao wakaitikia "Tumshukuru Mungu" huku wengine wakipangusa machozi ya kicheko. Aliposhuka ngazi alimwona Sylvie ameinamisha uso, na mama wa yule kijana anamnong'oneza mumewe jambo.

Baada ya misa, uani, alitamani apite nyuma ya ukuta aende zake. Lakini akina mama walikuwa wamemzunguka, wengine wakimpigapiga mgongo, wengine wakishindwa kuzuia meno. Abbé akaja. Hakuwa na hasira nyingi. Alikuwa na wageni na alikuwa ameona haya kwa ajili yao.

"Ni nani alimutayarisha huyu mama?" aliuliza.

Papa Philippe alikuwa amesimama hatua chache nyuma, kofia mkononi. Clotilde alimwona. Kama angenyamaza kidogo tu, pengine mwingine angelitupa neno la mzaha na mambo yangepita. Lakini aibu ilikuwa imemkaba kooni, na mtu aliyekabwa hushika chochote kilicho karibu.

"Ni Papa Philippe," alisema. "Aliniambia: soma, usiruke kintu. Minye nilifuata tu vile alisema."

Ua mzima ukageuka kumtazama Papa Philippe. Mzee yule alimtazama Clotilde. Hakumkazia macho, alimtazama tu, kama anayesoma neno asilotarajia kulikuta pale. Kisha akamgeukia abbé.

"Ni vile, abbé. Nilimuambia asiruke. Kosa ni yangu."

Abbé akamshika bega. "Papa Philippe, weye umetumika mingi kwa parokia. Sasa pumuzika kidogo. Franck atashika balecteurs." Yaani wasomaji wa misa wawe chini ya Franck, mwalimu kijana wa shule ya jirani. Mambo yakaishia hapo, kwa maneno matamu hivyo, na Papa Philippe akavaa kofia yake akatoka getini. Wiki iliyofuata hata darasa la watu wazima lilifundishwa na Franck. Papa Philippe alituma salamu kwamba miguu inamuuma.

Clotilde hakulala vizuri siku nyingi baada ya hapo. Kicheko kilimfuata sokoni. Wauza mkaa walimwita Mama Efa, na wateja walisimama mezani pake kwa uchokozi: "Mama, leo uniwekee efa moja, lakini ikuwe ya kujulikana kwa hakika!" Alicheka nao kwa meno tu. Akaanza kwenda sokoni kwa njia ya nyuma, na Jumapili akawa anasali kwenye parokia nyingine ya mbali, asikojulikana. Wazazi wa yule kijana waliendelea na mipango ya posa kama kawaida, lakini yeye alijiona hana uso wa kuwapokea, akawa anajificha jikoni wanapokuja.

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa ni aibu ya nje, na aibu ya nje huzoeleka. Ile ya ndani ndiyo iliyomla. Kila alipojaribu kujitetea moyoni, alijiambia: si alisema kweli nisiruke? Alisema. Maneno ni yake. Hapo angetulia kidogo. Kisha angekumbuka kwamba kuna mengine aliyoambiwa, akaitikia ameelewa bila kuyasikia, angeyaona tena yale macho ya uani, na utulivu ukatoweka.

Mchana mmoja wa mvua, soko limelowa na hakuna mteja, alirudi nyumbani mapema akamkuta Sylvie mezani na karatasi za kazi yake ya kumalizia masomo. Sylvie aliandika habari ya akina mama wa soko la Kikula. Clotilde alipita nyuma ya kiti chake, na macho yakamtua chini ya ukurasa. Mstari mwembamba, kisha herufi ndogo. Mwili ukamsisimka.

"Nawe pia unaandika bile bitu?" aliuliza.

Sylvie aligeuka. Tangu siku ya sikukuu hawakuwahi kulizungumza jambo lile. Akasogeza kiti.

"Ikala, Mama. Angalia. Hapa juu niko naandika kama zamani bamama walikuwa nakopeshana unga bila karatasi. Nani alinielezea ile? Ni Mama Alphonsine. Basi naweka kanamba hapa, na chini naandika jina yake na siku tulizungumza. Muntu akiwa na mashaka, aende kumuuliza."

"Na bile bingine? Ya kueleza neno?"

"Ile ni ya musomaji mwenye hajue. Ukieleza katikati ya hadithi, unaikata. Unaiweka chini, mwenye anataka anashuka, mwenye hataki anapita."

Ilikuwa rahisi hivyo. Clotilde alibaki anaitazama karatasi. Jambo lililomfanya achekwe na kanisa zima lilikuwa limeelezeka kwa maneno machache, mvua ikinyesha, mbele ya binti aliyemzaa mwenyewe. Laiti angalimwuliza mtu wakati ule. Angalimwuliza Papa Philippe pale pale.

"Sylvie," alisema. "Na kama unaandika jina ya muntu pale chini, na ile maneno hakuisema?"

"Ni uongo, Mama. Profesa akiona, kazi yote anaitupa."

"Na kama aliisema kweli, lakini alisema na ingine, ile unaificha?"

Sylvie alifikiri. "Ile ni mubaya zaidi. Juu bantu wataenda kumuuliza, naye atasema ndiyo, nilisema. Hataweza kukataa. Unamufunga na mudomo yake mwenyewe."

Clotilde alisimama, akaenda kuinjika maji ya chai. Alisimama mbele ya jiko la makaa mpaka maji yakachemka na kuanza kupungua, na hakutia majani.

Siku iliyofuata, kabla ya kufungua meza, alikwenda kwa Papa Philippe. Hakuchukua unga wala zawadi yoyote; aliona akibeba kitu ataonekana anakuja kununua samahani. Uani alimkuta Mama Bibiane, mke wa mzee, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Bibiane alimwona, akaendelea kutwanga. Salamu aliiitikia kwa pumzi moja na mchi haukusimama.

"Iko ndani," alisema hatimaye. "Zamani siku ya Alhamisi alikuwa naamuka mapema, napiga shati pasi kwa kwenda parokia. Sasa anaipiga pasi, anaivaa, na anaikala tu kwa kiti." Akapiga mchi mara mbili. "Ingia tu."

Papa Philippe alikuwa amekaa karibu na dirisha, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Alisimama kumpokea, akamsogezea kiti, akamwuliza habari za Sylvie. Wema huo ulimwumiza Clotilde kuliko mchi wa Bibiane. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakampotea.

"Papa Philippe," alisema, "sasa njo naelewa: uliniambia ya chini hatusomaka. Siku ile ya Alhamisi. Uliniambia wazi, si vile?"

"Nilikuambia."

"Sikusikia. Uliniuliza kama naelewa, minye nikasema ndiyo, na sikukuwa naelewa hata kidogo. Uliita ile bitu renvoi. Ile neno ilikuwa kwenye barua ya Nicolas. Toka hapo masikio ikafunga." Akafunika uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini si ile njo inanileta. Ni ya uani. Nilikurushia kosa yangu mbele ya bantu."

Mzee alizima redio. Vidole vyake vilichezea kalamu mfukoni.

"Ningesema tu 'maelezo ya chini'," alisema. "Nani alinituma kuleta Kifaransa ya biro, ya kazi ya ofisi, kanisani?"

"Usijitwike, Papa. Juu ya nini haukunikatalia siku ile? Ulijua kama nadanganya."

"Nilijua. Lakini walikuwa bamekucheka sana tayari. Ningesema huyu mama anadanganya, bangekucheka tena, na ile ya pili haingekwisha."

Clotilde alikuwa amejiandaa kwa lawama. Kwa hili hakuwa na maandalizi. Alilia hapo hapo kitini, kwa sauti, mpaka mchi wa uani ukanyamaza na Bibiane akachungulia mlangoni. Alirudi akaleta kikombe cha maji, akakiweka karibu na Clotilde, akatoka tena.

Jumapili hiyo Clotilde alirudi parokiani kwake. Baada ya misa akina mama walikuwa na mkutano wao, na abbé alikuwa amepita kuwasalimu. Clotilde akaomba neno. Alisema yote: kwamba alielezwa, kwamba alijitia kuelewa, na kwamba alipoulizwa alitaja nusu ya maneno ya Papa Philippe akaificha nusu nyingine. Mmoja wa akina mama alicheka kidogo, pengine kwa kutojua la kufanya, akajikatiza. Mama Alphonsine akasema, "Mama, ile si ilishapita?" Clotilde akajibu kwamba kwake haijapita, wala kwa Papa Philippe, kisha akaketi. Hakuna aliyempigia makofi. Abbé alikuwa amekunja mikono, anatazama viatu vyake. Alikuwa anakumbuka, bila shaka, jinsi alivyofanya haraka.

Jioni yake abbé alikwenda mwenyewe kwa Papa Philippe, akamwomba arudi. Mzee alimshukuru, akamkaribisha chai, akakataa. Alisema Franck ana sauti nzuri na macho mazima. Lakini sababu yenyewe alimwambia mkewe, na Bibiane akaja kumwambia Clotilde sokoni, si kwa kumchoma, ila kwa kuwa aliona ana haki ya kuijua: mzee hakuumizwa sana na uongo wa mwanamke aliyefadhaika. Kilichomuumiza ni kwamba ua mzima, watu aliowafundisha kusoma, waliuamini mara moja, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Hilo Clotilde hakuwa na la kulifanyia. Alifungua jambo, na kulifunga hakukuwa mikononi mwake peke yake. Papa Philippe alibaki kukaa benchi la pembeni Jumapili, shati limepigwa pasi. Alimsalimu Clotilde kwa jina lake kamili, si Mama Efa, kila walipokutana, naye akamwitikia akitazama chini. Franck naye, anapofundisha wasomaji wapya, huwafungulia kitabu kikubwa na kuwaonyesha herufi ndogo. "Hizi za chini hazisomwi," huwaambia, "mwulizeni Mama Clotilde." Husema kwa mzaha tu. Clotilde husimama pale akiitikia ndiyo, hazisomwi kwa sauti, na kuwaeleza ni za nini.

Alisoma tena katika misa moja tu mwaka ule, misa ya asubuhi ya siku ya kazi, mvua ikipiga bati. Watu walikuwa wachache, wametawanyika mabenchini, wengine na miavuli inayodondosha maji. Alisoma yaliyo juu ya mstari mwembamba, akaishia kwenye mstari, akafunga kitabu. Hakuna aliyecheka. Misa ilipokwisha alijitanda kitenge kichwani, akatoka mbio kwenda sokoni kabla unga wake haujalowa.